Ramani ya Kukodi Si Ramani Yako

Leo nina hasira kidogo, na nimeona afadhali niiandike kuliko kuimeza.

Kila mara mtu anayeanza michezo ya kuigiza mezani anaponiuliza ni programu gani ya kuchorea ramani aitumie, nakuta tayari ameshaonyeshwa picha tatu: mlima wenye theluji, msitu wa misonobari, kasri kando ya mto. "Ona hii ilivyo safi!" Ni safi kweli. Lakini hakuna aliyemwambia picha hiyo itakaa wapi, nani ataweza kuifungua mwaka ujao, na kama ataweza kuibadilisha siku stima imepotea na bando limeisha. Mimi kazi yangu ni kutengeneza programu, nimesomea sayansi ya kompyuta, naishi Kisii mjini, na msimamo wangu ni huu: programu ya ramani huchaguliwa kwa faili inayokuachia mkononi, si kwa urembo wa vibandiko vyake. Kwa kipimo hicho, kadhaa kati ya zile zinazosifiwa sana zinaanguka.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe, maelezo ni mafupi. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi, wengine kila mmoja ana mhusika wake: mpiganaji, mganga, mwizi, yeyote yule. Msimulizi anaeleza walipo, wao wanasema wanafanya nini, na pale matokeo yasipojulikana dadu inarushwa. Hakuna mshindi, na mchezo mmoja unaweza kuendelea miaka miwili. Ule uliofungua njia, Dungeons & Dragons, ulitungwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa mwaka 1974. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba vitabu vile vya kwanza havikuwa na ramani ya porini. Viliwaelekeza wachezaji wachukue ubao wa mchezo mwingine kabisa, Outdoor Survival wa kampuni ya Avalon Hill, uliotoka 1972 na kuhusu watu waliopotea nyikani. Ubao huo ulikuwa umegawanywa kwa maumbo ya pembe sita, tunayoyaita heksi, na mpaka leo wachezaji wengi wanahesabu safari kwa heksi.

Kwa hiyo ramani katika mchezo huu si pambo la ukutani. Ni daftari la kumbukumbu. Kwenye ramani ya kundi letu kuna daraja lililochomwa, kisima ambacho hakuna anayekunywa maji yake, na kaburi la mhusika aliyeuawa na fisi mwezi Machi kwa sababu ya dadu moja mbaya. Kila Jumamosi kitu kinaongezwa au kinafutwa. Ramani isiyoweza kubadilishwa imekufa, hata ikiwa na rangi milioni kumi na sita.

Na kama unafikiri kuchora nchi ambayo hujaiona ni uzungu mtupu, nikukumbushe kilichofanyika pwani yetu. Mwaka 1856 ilichapishwa Ulaya ramani ya bara iliyochorwa na wamisionari wawili, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann. Maziwa yenyewe hawakuwa wameyafikia. Walikusanya habari kutoka kwa wafanyabiashara wa misafara, Waswahili na Waarabu waliofika huko, kila mmoja akieleza ziwa alilolijua yeye. Wakaunganisha habari zote, likatoka ziwa moja kubwa la kutisha lenye umbo la konokono asiye na gamba. Ziwa Nyanza (Victoria), Tanganyika na Nyasa, yote matatu, yalikuwa yamemezwa humo. Wasomi wa London walibishana sana kuhusu dude hilo. Burton na Speke waliondoka pwani mwaka 1857, mwaka uliofuata wakafika Tanganyika na Speke akaendelea hadi Nyanza, na konokono akaanza kukatwa vipande. Wasimulizi walikuwa wa kweli, maziwa yalikuwa ya kweli, na ramani ilikuwa na makosa, lakini ilikuwa ya karatasi na wino. Kila aliyepata habari mpya aliweza kuchora yake juu yake. Hakuna aliyehitaji nywila.

Sasa tuje kwenye kilichonichoma.

Katika kundi letu kuna mwalimu wa hesabu anayefundisha upande wa Nyamira. Kwa miezi kumi na minne alichora nchi ya mchezo wetu katika programu moja ya mtandaoni ambayo sitaitaja. Milima, mito, majina ya koo, njia za ng'ombe, kila kitu. Alikuwa amelipia ada ya mwaka. Mwaka ulipokwisha mshahara ulikuwa umechelewa (mwalimu yeyote wa Kenya anaijua hadithi hiyo), ada haikulipwa, na ramani ikabaki ng'ambo ya kioo: anaiona, haigusi. Alichoruhusiwa kupakua ni picha ndogo ya JPEG ambayo majina yake hayasomeki. Nikamuuliza, "Mwalimu, nakala yako iko wapi?" Akanijibu, "Iko kwao."

Iko kwao! Miezi kumi na minne ya Jumamosi iko kwao. Hebu fikiria fundi wa Tabaka anachonga jiwe la sabuni mwaka mzima, halafu mwenye patasi anakuja kuchukua patasi pamoja na kinyago.

Watu wananiambia, "Si angelipa tu, ni dola chache." Ndugu yangu, kwanza dola si shilingi, na hujui zitakuwa shilingi ngapi mwezi ujao. Pili, mpaka juzi juzi mtu asiye na kadi ya benki alikuwa na njia chache za kulipa kitu kama hicho. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay ilikuja mwaka 2022, na nashukuru ilikuja, lakini imerahisisha kulipa kodi ya nyumba tu. Nyumba bado si yako. Tatu, na hili ndilo kubwa, bei si hoja. Hata ingekuwa shilingi kumi kwa mwaka, kitu ambacho umekitengeneza mwenyewe na kinazimika usipolipa ni kitu cha kukodi.

Na makampuni hubadili mawazo. Wachezaji wa dunia nzima walilionja hilo Januari 2023. Kampuni ya Wizards of the Coast, yenye Dungeons & Dragons, ilikuwa imetoa leseni ya wazi mwaka 2000 iliyowaruhusu watu wengine kutunga na kuuza vitabu kwa kutumia kanuni za mchezo huo. Watu walijenga maisha yao juu ya leseni hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Kisha rasimu ya leseni mpya ikavuja, ikionyesha kwamba kampuni inataka kuibatilisha ya zamani. Kelele zilizopigwa zilikuwa kubwa mno hata kampuni ikarudi nyuma, na tarehe 27 Januari 2023 ikaweka kanuni za msingi chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo hairudishwi. Mara hiyo wachezaji walishinda kwa sababu walikuwa wengi. Mwalimu wetu wa hesabu yuko peke yake. Akipiga kelele Nyamira nani atamsikia California?

Lakini tuseme una pesa, una intaneti ya nyuzi nyumbani na huna shida na mtu. Bado nina ugomvi na vibandiko.

Programu nyingi za ramani za kubuni zinafanya kazi kwa njia moja. Unapaka rangi ya ardhi na maji, kisha unabandika picha ndogo ndogo: mlima, mti, nyumba, mnara. Picha hizo zilichorwa na watu wanaoiona nchi kwa namna yao. Kijiji ni nyumba kumi zilizokumbatiana kuzunguka kanisa, na kati ya kijiji kimoja na kingine kuna utupu ambamo majambazi na mazimwi hukaa. Sasa panda kilima cha Manga siku isiyo na mawingu, utazame huku Kisii na kule Nyamira, uniambie utupu uko wapi. Haupo! Maboma yametapakaa kwenye mteremko wote. Shamba linaanza karibu na kilele na kuteremka kama utepe mwembamba mpaka mtoni: nyumba juu, migomba, mahindi, chai, na mikaratusi kule chini penye maji. Ua la miti linatenganisha utepe huu na ule wa kaka. Hakuna kijiji cha kubandika. Ukiweka kibandiko cha nyumba kumi na kanisa katikati ya Kitutu umechora Ujerumani.

Na kuna jambo la pili ambalo vibandiko haviwezi kabisa. Katika nchi hii umbali si kilomita, ni mabonde. Mtu aliye mgongo huu wa kilima anaweza kumwita mwenzake wa mgongo ule na wakasikizana, lakini kumfikia ni kuteremka mpaka kijitoni na kupanda tena ukihema. Kufuata mgongo ni rahisi, kukata bonde ni jasho. Kwa mchezo, hiyo ni dhahabu! Wachezaji wanaona moto unawaka nyumba ya jirani ng'ambo na wanajua hawatafika kabla haujazimika wenyewe. Maamuzi yote ya safari yanatokana na mwinuko wa ardhi. Kibandiko cha mlima kinasema "hapa kuna mlima" halafu kinanyamaza. Hakisemi una urefu gani wala upande upi unapandika. Ninachohitaji ni mistari ya kontua, ile tuliyoisoma kwenye jiografia ya sekondari na kuichukia.

Basi, ninatumia nini? QGIS na Inkscape. Zote mbili ni programu huria, zote mbili ni bure, zote mbili zinafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac bila intaneti. QGIS ilianzishwa mwaka 2002 na ni programu ya kazi halisi ya ramani, ile ile inayotumiwa na wapima ardhi na watu wa mazingira. Inkscape ilizaliwa 2003 na inachora kwa vekta, yaani inahifadhi mistari yenyewe badala ya vidoti vya rangi.

Mwinuko wa ardhi nimeupata hivi. Februari mwaka 2000 chombo cha anga cha Endeavour kilizunguka dunia siku kumi na moja kikipima urefu wa nchi kavu kwa rada. Data hiyo, inayoitwa SRTM, ina kipimo kimoja kila takriban mita 30, na kwa Afrika imetolewa bure kwa ubora huo tangu 2014. Inagawanywa kwa vipande vya digrii moja. Kisii mjini, Ogembo, Nyamira mjini na Keroka viko kwenye kipande cha S01E034. Ukitaka ukingo wa mashariki wa Borabu utachukua pia S01E035. Unapakua mara moja, hata kwenye saiba, na faili ni yako mpaka kufa.

Ukiifungua kwenye QGIS, kwanza ihamishie kwenye mfumo wa UTM kanda ya 36 kusini. Usiruke hatua hii. Data yenyewe inakuja kwa digrii, na huwezi kuchora heksi za kilomita mbili kwa digrii. Kisha iambie programu itoe kontua kila mita 20, na dakika moja baadaye vilima vyote vya Gusii viko mbele yako, ukingo wa Manga umejikunja kama kisu, na bonde la mto Gucha linateremka kutoka nyanda za juu za Kiabonyoru upande wa Nyamira likielekea magharibi. Mara ya kwanza nilipoliona nilinyamaza kidogo. Kisha kuna kifaa cha kutengeneza gridi. Chagua pembe sita, upana wa mita 2,000. Kutoka Kisii mjini mpaka Keroka kwa mstari ulionyooka ni kama heksi kumi na moja. Hesabu ya safari imekamilika na bado hujabandika hata mti mmoja.

Mito na barabara nazichukua kutoka OpenStreetMap, mradi wa ramani huria ulioanza Uingereza mwaka 2004. Hapa Kenya tuna sababu ya kuupenda. Mwaka 2009 Kibera ilikuwa karibu doa tupu kwenye ramani hiyo, mpaka vijana wa mtaa walipoingia vichochoroni na vifaa vya GPS katika mradi wa Map Kibera na kuijaza wenyewe. Data unatumia bure, ila unapaswa kuutaja mradi unapogawa ramani yako. Hilo ni deni la heshima na halikaushi mfuko.

Halafu natoa kila kitu kama SVG, nafungua kwenye Inkscape, na hapo ndipo nchi halisi inageuka kuwa nchi ya mchezo. Nafuta barabara za lami, lakini narudisha mambo ambayo yamefutika. Kabla ya serikali ya kikoloni kuvivunja, vijana wa Kigusii walilinda ng'ombe kwenye kambi za mpakani zilizoitwa ebisarate. Kwa mchezo, egesarate kinapiku kasri la mawe mara kumi: vijana wenye mikuki, mali yote ya ukoo mahali pamoja, na jirani mwenye tamaa. Na ukitaka ngome ya mawe huna haja ya kwenda Scotland. Iko Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, kuta zilizopangwa bila saruji, urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2018. Nimechora alama yangu mwenyewe ya boma lenye ukuta, mduara na mlango mmoja, dakika tatu.

Kila aina ya kitu inakaa kwenye tabaka lake (tabaka kwa herufi ndogo, watu wa Tabaka msinishambulie :-) ). Kontua tabaka moja, mito jingine, koo jingine, siri za msimulizi jingine ambalo nalizima kabla wachezaji hawajaona. Na sasa sikiliza jambo linalonifurahisha kama mtengeneza programu: SVG ni maandishi matupu. Ifungue kwa kihariri chochote cha maandishi utaisoma. Naiweka kwenye Git kama ninavyoweka kazi ya ofisini, kwa hiyo naweza kurudi kwenye ramani ilivyokuwa Jumamosi ile kabla daraja halijachomwa. Jina la mto likibadilika natafuta na kubadilisha mara moja, mahali pote. Na Inkscape ikitoweka kesho, vivinjari vyote vya sasa vinaifungua SVG.

Ubaya wa picha bapa tuliuona na Keroka. Wasiojua, mji wa Keroka umekalia mpaka wa kaunti ya Kisii na ya Nyamira, na tangu ugatuzi uanze 2013 serikali hizo mbili zimevutana kuhusu nani atoze ushuru wa soko. Kwenye mchezo wetu mahali hapo ni soko la koo mbili, na bila shaka mvutano ukahamia mezani. Mchezaji mmoja wa upande wa Nyamira akadai mpaka unapita nyuma ya soko, mwingine wa Nyaribari akaapa unapita mbele. Wahusika wao wakapatana kwa ng'ombe wawili na mpaka ukasogezwa. Mimi nikauvuta kwa kipanya, sekunde kumi, wote wakishuhudia. Kwenye JPEG ya mwalimu ingebidi nifute soko, mto na majina yaliyoko chini ya mstari, kisha nivichore upya.

Najua mtaniuliza kuhusu zile nyingine, basi nipite haraka.

Inkarnate ni nzuri machoni na rahisi kuanza, lakini inaishi kwenye kivinjari na ubora wake wote uko kwenye ada. Nimeshasema. Campaign Cartographer ya ProFantasy ya Uingereza ipo tangu 1993, unainunua, unaiweka kwenye mashine yako, na chini yake kuna programu ya wachoraji wa majengo, kwa hiyo ni vekta halisi. Naiheshimu. Lakini ni ya Windows, na kujifunza kwake ni kama kujifunza kuendesha trekta ili uende dukani. Ikiwa utateseka kiasi hicho, teseka na QGIS ambayo siku moja inaweza kukupatia kazi.

Wonderdraft nitaitetea kidogo. Unalipa mara moja, dola 30 hivi, inafanya kazi bila intaneti hata kwenye Linux, na inakubali vibandiko ulivyochora mwenyewe. Ndugu yake Dungeondraft, ya mapango na majumba, ni hivyo hivyo, na kwa ndani ya jengo sibishani na mtu: chumba ni chumba, hakina kontua. Shida ni kwamba ramani unayoihariri iko kwenye faili ya aina yao, na ukitoa nje unapata picha bapa. Ukiichagua sitakukasirikia. Hifadhi tu kisakinishi mahali pawili.

Na ipo moja ambayo ningependa kila mtu aijaribu: Azgaar's Fantasy Map Generator. Ni huria, ni bure, inafunguka kwenye kivinjari lakini unaweza kuipakua yote na kuiendesha bila mtandao. Inazalisha dunia nzima yenye mito, mataifa na dini, na inatoa SVG. Ina orodha za majina za kila namna, mpaka ya Kiswahili imo. Orodha hizo zinaweza kubadilishwa, basi nikaipa Ekerenyo, Magombo, Kebirigo, Rigoma, Nyansiongo, Suneka, Marani, Etago, Nyamache na wenzao. Inachofanya ni kuangalia silabi ipi hufuata ipi, kisha kuzua majina mapya. Ikatoa majina ambayo mama yangu angeyauliza, "Hapo ni wapi, karibu na Nyamaiya?" Kinyume chake ni kile kizalishi cha miji cha Watabou. Kinapendeza na kinatoa SVG pia, lakini miji mingi inatoka na mitaa iliyojikunja ndani ya ukuta na kasri. Miji yetu imenyooka kando ya barabara kama nguo kwenye kamba.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi ni kwamba njia yangu ni ngumu. Ni kweli kwamba wiki ya kwanza utalaani. Vitufe vya QGIS ni vingi kuliko vya ndege. Lakini mwenzetu anayeuza vipuri vya bodaboda, ambaye hakufika chuo, alijifunza kutoa kontua kwa jioni mbili, kwa sababu alitaka kuona kilima chao cha nyumbani. Hilo halikuhitaji digrii. Lilihitaji hamu.

Pingamizi la pili ni uzuri. Ramani zangu hazing'ai, nakubali, zinafanana na kitu kilichotoka ofisi ya ardhi. Ila nilipoipeleka kwenye duka la kuchapisha mjini na kuomba karatasi kubwa ya kufunika meza, mistari ilitoka kali kama wembe, kwa sababu vekta haijui udogo wala ukubwa. Siku hiyo hiyo tulichapisha pia ile JPEG ya mwalimu, kwa ajili ya kumbukumbu. Ilitoka kama uji wa wimbi.

Mwalimu sasa anaichora upya nchi yake, akitazama uji huo na kuuliza wenzake wanakumbuka nini. Mto mmoja tumebishana usiku mzima kama ulipita mashariki au magharibi ya kilima. Nimempa kontua, ameweka faili kwenye flashi mbili, moja inakaa kwenye mkoba wa daftari za wanafunzi na nyingine kwa mkewe. Jumamosi hii tunateremka bonde la Gucha. Tumeacha heksi saba tupu, na kila mchezaji amekwenda nyumbani na moja ya kujaza.